Mugomo wa walimu na kazi ya Serikali: sendika inajenga ao inabomoa?

Kila mwaka, wakati mwezi wa 9 unakaribia, wazazi wa Bukavu, Goma, Uvira na Bunia wanajiuliza swali moja kabla ya kununua kalamu na daftari: je, walimu wataingia darasani? Tarehe 2 mwezi wa 9 mwaka wa 2024, siku ya kufungua masomo, watoto wengi wa masomo ya Serikali katika Kivu ya Kusini walivaa unifomu, wakafika mpaka kwenye masomo, kisha wakarudi nyumbani. Walimu walikuwa katika mugomo. Kati ya mambo waliyokuwa wanaomba, kulikuwa mushahara wa dola 500 kwa mwezi.

Kila mara mugomo unapotokea, mabishano yanakuwa yale yale. Wamoja wanasema ni sendika ndizo zinaua kazi ya Serikali: watu wanakaa nyumbani, watoto wanapoteza mwaka, wagonjwa wanalala bila munganga. Wengine wanajibu kwamba bila sendika, mwalimu wa Congo angekuwa angali anapokea feza ya kununua sabuni tu. Pande zote mbili ziko na sehemu ya ukweli. Lakini zote mbili zinasahau jambo moja. Katika inchi yetu, sendika iko na nguvu ya kusimamisha kazi, lakini haina nguvu ya kufanya Serikali itimize yale iliyotia sahihi. Hapo ndipo shida yetu inaanzia, na mutoto ndiye analipa.

Haki mbili zinazogongana

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka wa 2006 iko wazi. Kifungu cha 38 kinatambua uhuru wa sendika. Kifungu cha 39 kinatambua haki ya kugoma, na kinaruhusu sheria ipunguze haki hiyo katika ulinzi wa inchi, usalama, na kazi za Serikali ambazo maisha ya taifa yanategemea. Mbele kidogo, kifungu cha 43 kinasema kwamba elimu ya msingi katika masomo ya Serikali ni ya lazima na ni ya bure.

Kwa hiyo, siku ya mugomo, haki mbili zinasimama uso kwa uso: haki ya mwalimu ya kuacha kazi kwa sababu halipwi vizuri, na haki ya mutoto ya kufundishwa. Hakuna mutu wa kuwaza kwamba moja inafuta ingine. Mwenye kazi ya kuzipatanisha ni Serikali, kwa sababu ndiyo muajiri wa mwalimu na ndiyo iliyomuahidia mutoto masomo ya bure.

Kuna tofauti kati ya mufanyakazi wa kampuni na mutumishi wa Serikali ambayo wengi hawaijui. Mufanyakazi wa kampuni analindwa na sheria ya kazi ya mwezi wa 10 mwaka wa 2002. Kama muajiri hafuati makubaliano, anaweza kwenda kwa inspekta wa kazi, kisha mbele ya tribinali ya kazi. Mutumishi wa Serikali hayumo katika sheria hiyo. Yeye anafuata sheria yake mwenyewe, ile ya mwezi wa 7 mwaka wa 2016. Makubaliano yake na Serikali yanapita kwa wizara nyingi: moja inakaa kwenye meza ya mazungumuzo, ingine inapanga bajeti, ingine inatoa feza. Ile inayotia sahihi si ile inayolipa. Mwalimu akiuliza kwa nini ahadi haikutimia, kila mulango unamutuma kwa mulango mwingine.

Mbudi: mufano wa miaka mingi

Mutumishi yeyote wa Serikali mwenye nywele nyeupe anajua jina Mbudi. Katika mwezi wa 2 mwaka wa 2004, pale Mbudi, pembeni ya Kinshasa, Serikali na sendika za utumishi wa Serikali walitia sahihi makubaliano juu ya mishahara. Mutu wa chini kabisa katika biro angepata dola 208 kwa mwezi. Katibu mukuu wa wizara, aliye juu kabisa, angepata dola 2 080. Ni kusema, kutoka chini mpaka juu, mara 10. Hesabu ilikuwa rahisi, na kila mutu aliielewa.

Miaka zaidi ya 20 imepita, na sendika zingali zinataja Mbudi kila mara zinapoingia katika mazungumuzo. Makubaliano hayakutimizwa vile yalivyoandikwa. Hata mushahara ulipopanda, ulipanda kwa franka, na franka ilikuwa inateremuka.

Tufanye hesabu kidogo. Katika mwaka wa 2004, dola moja ilikuwa inauzwa karibu franka 400. Dola 208 ilikuwa sawa na franka 83 200 hivi. Mwishoni mwa mwaka wa 2024, dola moja ilikuwa imefika karibu franka 2 800. Zile franka 83 200 hazikupita tena dola 30. Mutu aliyelipwa franka zile zile alipoteza sehemu 6 juu ya 7 za mushahara wake, na hakuna mukubwa aliyetia sahihi karatasi ya kuupunguza.

Ndiyo maana walimu wanaomba mushahara kwa dola. Wakubwa wengine wanasema ni kiburi, ao ni kukosa mapendo ya inchi. Lakini mama mwenye nyumba katika Kadutu ao Birere anaomba kodi kwa dola. Muchuuzi wa vitambaa anahesabu kwa dola kabla ya kutaja bei kwa franka. Mwalimu anafuata soko linamoishi kila mutu. Na franka inapopata nguvu, kama ilivyofanya mwishoni mwa mwaka wa 2025, bei ya unga na mafuta haiteremuki kwa haraka ile ile, na kwa hiyo mutumishi anabaki anaogopa pande zote mbili.

Elimu ya bure ilibadilisha mezani

Ili kuelewa migomo ya leo, inafaa kurudi katika miaka ya 1990. Serikali ya Zaire ilikuwa haina tena feza ya kulipa walimu, nao walimu waligoma mpaka masomo yakafungwa. Masomo yalifunguliwa tena wakati wazazi walikubali kuweka mukono mufukoni. Hapo ndipo zilizaliwa zile feza ambazo watu wa Kivu wanaziita mpaka leo motivasio. Mugomo ulimalizika kwa sababu muzigo ulitoka kwenye kichwa cha Serikali na kuwekwa kwenye kichwa cha muzazi.

Mupango huo uliokoa masomo, lakini uliharibu kitu. Sendika ilipoteza mutu wa kuzungumuza naye. Katika masomo makubwa ya muji, mwalimu alipata motivasio nzuri na hakuona tena sababu ya kugombana na Kinshasa. Katika kijiji cha Shabunda ao Walikale, ambako muzazi ni mulimaji na hana feza, mwalimu alibaki na mushahara wa Serikali peke yake, na wakati mwingine hata huo hakuupata.

Mwezi wa 9 mwaka wa 2019, Raisi Félix Tshisekedi alitangaza kwamba masomo ya msingi ni ya bure, kama Katiba inavyoomba. Familia nyingi zilifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Watoto waliokuwa wanauza karanga kando ya barabara waliingia darasani. Banki ya Dunia iliahidi musaada wa dola milioni 800 katika mwaka wa 2020. Lakini siku ile ile, mwalimu wa muji alipoteza motivasio yake, na hesabu ya watoto darasani ikapanda. Kazi ilizidi na mapato yakapunguka. Muzigo ulirudi kwa Serikali, na sendika zikapata tena mutu wa kuzungumuza naye.

Ndiyo sababu mwaka wa masomo ulioanza mwezi wa 10 mwaka wa 2021 ulianza na mugomo mukubwa. Katika Kinshasa, wanafunzi walichoka kungojea, wakatembea mpaka kuingia ndani ya Palais du Peuple, jengo la Bunge, wakiomba walimu wao warudi. Kisha Serikali na sendika walikutana Bibwa, nako wakatia sahihi. Masomo yalifunguka. Tangu hapo, mbali na Mbudi, walimu wako na jina la pili la kukumbusha Serikali kila mwaka: Bibwa.

Mugomo unaoonekana na ule usioonekana

Sasa turudi kwa swali letu: je, sendika inapunguza matokeo ya kazi ya Serikali? Kwa mutu anayehesabu siku, jibu ni rahisi. Mugomo wa wiki 5 ni wiki 5 bila mafundisho. Mutoto wa darasa la kwanza aliyekuwa anaanza kuunganisha herufi anarudi akiwa amesahau. Mwisho wa mwaka, programu inakimbizwa ili watoto wafike kwenye mutihani. Hasara hiyo ni ya kweli, na viongozi wa sendika hawapaswi kuificha.

Lakini kuna mugomo mwingine ambao hauandikiwi barua. Ingia katika biro yoyote ya Serikali saa tatu asubui. Meza iko, kiti kiko, koti limetundikwa kwenye kiti, lakini mwenye koti hayuko. Ameenda kwenye duka lake, ao kwenye shamba, ao kuendesha motari. Atarudi saa tano, atapiga muhuri mbili, kisha ataomba mwenye karatasi feza ya sukari. Hakuna redio itakayotangaza kwamba huyu yuko katika mugomo. Hata hivyo, kila mwaka anaacha kazi siku nyingi kuliko mwalimu yeyote wa sendika. Sisi wenyewe tumempa jina la kumusamehe: Artikle 15, kila mutu ajitafutie.

Mugomo huo wa kimya ndio unaharibu zaidi, kwa sababu hauna mwanzo wala mwisho, na hauna mutu wa kuzungumuza naye. Mugomo wa sendika uko na tarehe, uko na maombi yaliyoandikwa, na unaweza kumalizika kwa makubaliano. Mahali ambapo sendika ni zaifu, watu hawafanyi kazi zaidi. Wanajitafutia zaidi.

Jambo la primi linazidisha ugonjwa huo. Kwa miaka mingi, badala ya kupandisha mushahara wenyewe, Serikali imekuwa inatuliza kila kundi kwa primi yake. Wizara inayokusanya feza iko na primi nzuri. Wizara isiyokusanya kitu haina. Watumishi wawili wenye diplome moja na miaka sawa ya kazi wanaweza kuachana mbali kwa mapato. Na primi haimufuati mutumishi vizuri wakati wa kupumuzika. Ndiyo maana wazee wengi wanashikilia kiti hata miaka yao ya kazi imekwisha: wanaogopa kutoka mikono mitupu. Kijana mwenye diplome anangojea inje, muzee aliyechoka anangojea ndani, na kazi inangojea wote wawili.

Hapa sendika ziko na kosa pia. Kila moja imepigania primi ya watu wake, kwa sababu primi inapatikana haraka na inaonekana. Ni wachache waliokubali vita virefu vya mushahara mumoja wa haki kwa wote. Tusisahau hata hivyo kwamba ni sendika za walimu zilizopiga kelele juu ya zoni za mishahara, ambazo zilifanya mwalimu wa kijiji apokee chini ya mwenzake wa Kinshasa kwa kazi ile ile.

Sendika nyingi, sauti kidogo

Kutoka mwaka wa 1967, inchi yetu ilikuwa na sendika moja tu, ile iliyojulikana baadaye kama UNTZA, chini ya chama kimoja cha MPR. Kazi yake ilikuwa kupiga makofi kuliko kuuliza. Hotuba ya Mobutu ya tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka wa 1990 ilifungua mulango wa vyama vingi, na sendika pia zikaongezeka. Leo walimu peke yao wako na SYECO, wako na SYNECAT kwa masomo ya Kikatoliki, na zingine nyingi. Waganga wako na SYNAMED, waamuzi na wasimamizi wa sheria wako na SYNAMAC.

Uhuru huo ni muzuri, lakini umeleta shida yake. Mara nyingi tunaona jambo moja: viongozi wa sendika katika Kinshasa wanatia sahihi, wanatangaza kwamba mugomo umekwisha, na walimu wa Bukavu wanakataa kurudi darasani kwa sababu hawakuulizwa. Upande wa Serikali, ni rahisi kuzungumuza na sendika inayokubali haraka na kuacha ile inayokataa. Katikati, muzazi hajui amusikilize nani. Asubui redio moja inasema masomo yamefunguliwa, mangaribi ingine inasema mugomo unaendelea. Wazee wanasema tembo wakipigana ni majani yanaumia, na hapa majani ni watoto wetu.

Majina yasiyo na watu

Serikali inajibu kila mara kwamba feza haitoshi. Je, ni kweli? Mwaka wa 2023, Ukaguzi Mukuu wa Feza, unaojulikana kwa jina la IGF, ulitangaza matokeo ya uchunguzi wake juu ya listi za mishahara. Ulikuta watumishi zaidi ya 145 000 wenye namba za matrikule zisizo sahihi, na zaidi ya 53 000 wanaotumia matrikule moja na watu wengine. Si wote ni wezi. Wengine ni watu wa kweli wenye karatasi zilizoandikwa vibaya. Lakini hesabu kama hiyo inaonyesha kwamba feza inayokosekana kwa mwalimu wa Fizi inaweza kuwa inapokelewa na jina lisilo na mutu.

Na upande mwingine kuna walimu wa kweli ambao hawamo katika listi, wale wanaoitwa N.U., vitengo vipya. Wanafundisha miaka na miaka, wanangojea wandikwe. Kwa hiyo tuko na majina yanayolipwa bila kufanya kazi, na watu wanaofanya kazi bila kulipwa. Hapo sendika ingeweza kusaidia kuliko wakaguzi wote, kwa sababu mwalimu anajua ni nani anafundisha na ni nani hayuko. Sendika inayoomba mushahara bila kukubali kusafisha listi inajikata miguu.

Vita viliongeza swali jipya

Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa mwezi wa 1 mwaka wa 2025, na Bukavu katikati ya mwezi wa 2, mambo yamekuwa magumu zaidi. Banki zilifunga milango. Mutumishi aliyekuwa amezoea kupanga mustari mbele ya banki alianza kujiuliza mushahara wake utapitia njia gani, na utakatwa kiasi gani njiani.

Katika hali kama hiyo, mugomo unapoteza maana. Mugomo ni barua kwa muajiri. Muajiri akiwa mbali, ni nani atakayeisoma? Walimu wengi waliingia darasani bila kujua watalipwa lini, kwa sababu mutoto alikuwa mbele yao. Likelemba ya walimu ndiyo ililisha familia nyingi. Wale wanaosema mwalimu wa Congo hapendi kazi wangetazama hapo kwanza.

Nini kinaweza kubadilika

Jambo la kwanza ni kalendari. Bunge linafungua kikao cha bajeti tarehe 15 mwezi wa 9, na mupango wa bajeti unatayarishwa miezi kabla. Sendika nyingi zinapiga kelele wakati wa kufungua masomo, wakati hesabu zimekwisha kuandikwa. Zikileta maombi yao mwezi wa 5 ao wa 6, na kufuata mustari wa mishahara mpaka Bunge lipige kura, makubaliano yangekuwa na feza nyuma yake. Makubaliano yasiyo katika sheria ya bajeti ni salamu tu.

Jambo la pili ni kuandika ndani ya kila makubaliano vile mushahara utafuata bei ya soko, ili Mbudi isirudi tena. La tatu, listi ya mishahara ya kila masomo ibandikwe kwenye ukuta, mbele ya wazazi: majina, na nani alilipwa. Muzazi atajua kama mwalimu aliyeandikwa ndiye anayefundisha mutoto wake. La ine, kabla ya kumaliza mugomo, pande zote zikubaliane namna siku zilizopotea zitarudishwa, na walimu wa majimbo waulizwe kabla ya Kinshasa kutia sahihi.

Mwisho, sisi wazazi. Kwa miaka karibu 30 tulilipa mahali pa Serikali, na tulinyamaza. Leo tunakasirikia mwalimu kwa sababu yeye ndiye tunayemuona. Lakini mwalimu anayegoma anatuonyesha deni ambalo sisi pia tunadai. Tukiungana naye kuuliza feza ya masomo ilienda wapi, naye akikubali kutuonyesha siku alizofundisha, mwezi wa 9 unaokuja unaweza kuanza tofauti. Kama sivyo, watoto wataendelea kuvaa unifomu asubui na kuivua kabla ya jua kupanda.